Supu Iliyosingiziwa

Ukimwona Naeku leo, na kitenge chake na upawa wa uji mkononi, huwezi kudhani kwamba miguu ile iliwahi kusumbua watu. Ana kibanda cha mabati pale Sakina, kando ya barabara iendayo Namanga. Anauza uji wa ulezi na maandazi tangu alfajiri, na wateja wake wengi ni vijana wa bodaboda wanaomwita dada bila kujua wanamwita nani. Mimi nawaambia, huyo mwanamke alikuwa akikimbia mpaka wanaume wanashika viuno. Na kama si mtu mmoja anayeitwa Aminiel, leo asingekuwa anapuliza jiko hapo. Haya, sikilizeni, na mtu asinianzie habari za kusamehe kabla sijamaliza.

Kwao ni Kiranyi, juu kidogo ya hapo Sakina. Alizaliwa kunapambazuka, ndiyo maana Waarusha wenzake wakamwita Naeku, mtoto wa alfajiri. Baba yake alifariki mapema, akabaki na mama, ng'ombe wawili, na shamba la mahindi na maharage. Kila alipotumwa alikwenda mbio na kurudi mbio, si kwa sababu ya kuharakishwa, basi tu, alikuwa hawezi kutembea. Mwalimu wa shule akamwingiza kwenye mashindano ya wilaya, akawaacha wasichana wa darasa la juu nyuma kabisa, na mama yake, aliyekuwa amesimama mwisho wa uwanja na kanga yake mabegani, akacheka mpaka akalia.

Tangu siku hiyo mama alijipa kazi. Kila Naeku alipokuwa na mashindano, siku moja kabla mama alibandika sufuria kubwa nyeusi, akachemsha mifupa ya ng'ombe pamoja na magome ya kiloriti. Kwa mgeni wa huku niseme: kiloriti ni mti wa miiba, na supu yake ndiyo wanayokunywa morani porini wakila nyama, inachangamsha mwili na kuondoa uvivu wa mifupa. Nyumba nyingi za Waarusha zinaijua. Mtoto akiugua inapikwa, mzazi akijifungua inapikwa, mzee akilalamika magoti inapikwa. Kwa mama Naeku supu hiyo ilikuwa ndiyo mchango wake. Hakujua saa za kukimbia wala habari za viatu, lakini supu alijua, na binti yake akishinda alikuwa akiwaambia majirani kwamba wamekimbia wote wawili.

Ndipo akaingia Aminiel. Huyu alikuwa kocha, Mmeru wa upande wa Tengeru, mtu wa maneno laini na tabasamu la kukopesha. Alikuwa na kambi ndogo ya wanariadha, na alipomwona Naeku akikimbia hakulala. Alikuja mpaka Kiranyi, akamsalimia mama kwa heshima zote, akanywa maziwa ya kibuyu, akasifu ng'ombe. Akaahidi kwamba binti atavaa jezi ya taifa. Mama akampa mwanawe kwa mikono miwili.

Kambini kulikuwa na poda. Aminiel aliwapa wakimbiaji wake aliowapenda zaidi, kijiko kimoja kwenye chupa ya maji kabla ya mazoezi magumu, na siku ya mashindano kijiko na nusu. Alisema ni vitamini na glukosi, vitu vya wenzetu walioendelea. Maji yalikuwa yakigeuka mekundu, na ukishakunywa uso unawasha na masikio yanawasha kama umetembelewa na siafu, halafu moyo unaanza kupiga kwato. Naeku alimwuliza mara moja kwa nini kopo halina maandishi. Kocha akamcheka, akamwambia kazi yake ni kukimbia, kusoma makopo ni kazi ya kocha. Msichana wa miaka kumi na tisa, atamwambia nini mtu mzima anayemwita mwalimu? Akanywa.

Akashinda mashindano makubwa ya mwaka ule, akapimwa mkojo kama washindi wote wanavyopimwa, na baada ya wiki kadhaa ikaja habari kwamba kwenye mkojo wake kuna kichangamshi kilichokatazwa.

Hapo sasa ndipo uone binadamu alivyo. Aminiel hakwenda kwa Naeku. Alikwenda kwa mama. Alifika Kiranyi amekunja uso, akakaa kwenye kigoda kilekile alichonywea maziwa, akamwambia kwamba wataalamu wamepima na wamekuta kiloriti. Eti ile supu ndiyo imemponza mtoto. Eti mama akienda mbele ya kamati akakiri kwamba yeye ndiye aliyempikia, kamati itaona ni mila tu, itamwachia binti. Asipokwenda, mtoto atafungwa. Mama wa watu, asiyejua kamati ni mnyama gani, akavaa shuka lake jekundu la kwenda kanisani akapanda gari la Aminiel.

Naeku alipoingia kwenye kile chumba cha mkutano na kumkuta mama yake ameketi kando ya kocha, alidhani amekuja kumtia moyo. Alisema ukweli wote: poda nyekundu, kopo lisilo na maandishi, kijiko na nusu. Wakamwuliza kopo liko wapi. Hakuwa nalo, kambini hapakuwa na kopo hata moja siku hiyo, pamefagiliwa pamekuwa peupe. Wakamwuliza Aminiel, akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema yeye hajui poda yoyote, ila anajua mila za hawa ndugu zetu. Wakamwita mama. Mama akasimama akasema kwamba ni yeye, supu ni yake, magome alichuma mwenyewe, mtoto hana kosa, wamwadhibu yeye.

Kamati ikaandika. Binti anasema poda, mama mzazi anasema supu, na mama mzazi atamdanganyia nini mwanawe? Wakaona Naeku ni mwongo juu ya kosa lake. Akafungiwa miaka minne. Ukimfungia mkimbiaji miaka minne akiwa na kumi na tisa, umemfungia maisha. Redioni wakatania habari ya supu ya mama kwa siku kadhaa, watu wakacheka, wakasahau.

Mama hakusahau. Alirudi nyumbani akaitundika ile sufuria ukutani na hakuishusha tena. Naeku alimwambia mara ngapi sijui kwamba haikuwa supu, ni poda ya Aminiel, huyo mtu kamdanganya. Mama akawa anamshika mkono tu na kusema, "Unanifariji, mwanangu. Nashukuru." Hakuamini hata siku moja. Kwake yeye ni mikono yake iliyovunja miguu ya mtoto wake. Aliacha kumpikia mtu yeyote dawa yoyote, na hata majirani walipomwomba magome aliwafukuza.

Halafu Naeku akaolewa, akajifungua mtoto wa kike. Mjue kwetu mzazi halali siku ya pili bila supu ya mama yake. Ndiyo inayomrudishia damu, ndiyo inayoleta maziwa. Mama alifika, akambeba mjukuu, akafua nguo, akachota maji. Supu hakupika. Naeku alimwomba kwa machozi, kitandani pale, akamwambia, Yeyo, yaani mama, nipikie. Mama akatoka nje akasimama nyuma ya zizi mpaka jirani mmoja alipoona aibu akaleta supu ya kwake. Naeku aliinywa ile supu ya mtu mwingine, na ndani ya bakuli lile ndimo alimoapa. Kufungiwa angekusahau. Jezi ya taifa angeisahau. Hili la mama kuogopa kumpikia mtoto wake, hili halikuwa la kusahau. Alitaka kitu kimoja tu duniani: Aminiel aseme kwa mdomo wake mwenyewe, na mama asikie.

Nyie mnaweza kudhani mtu wa namna ile Mungu alimshughulikia. Wapi! Aminiel alinenepa. Alifungua duka la vyakula vya wanamichezo pale Levolosi, mlango kwa mlango na ukumbi wa kunyanyulia vyuma, makopo yamepangwa mpaka darini: ya kukaza misuli, ya kupunguza tumbo, ya kunywa kabla ya mazoezi. Vijana wa mjini waliosimama kwenye kioo zaidi kuliko walivyokimbia wakawa wanamwita profesa. Halafu akatoa kinywaji chake, enaji ya kopo jembamba yenye picha ya umeme, akaiita Radi. Bango la Radi lenye sura yake likawekwa hapohapo Sakina, mkabala na kibanda cha uji. Kila asubuhi Naeku akikoroga uji, Aminiel anamtazama kutoka juu akitabasamu.

Naeku alijaribu njia za haki, msiseme hakujaribu. Alimfuata dukani mara mbili. Mara ya kwanza Aminiel alimwambia yaliyopita si ndwele, wagange yajayo, akampa kopo la Radi bure. Mara ya pili alimwambia mbele ya wateja kwamba anamhurumia, lakini asimwangushie mtu mwingine mzigo wa mama yake. Wateja wakamtazama Naeku kama mgonjwa wa akili. Alitoka pale roho imemkauka, akatembea mpaka Sakina kwa miguu.

Sasa Aminiel alikuwa na binti, Ndeshi. Msichana mrefu, mpole, ana mbio za kutisha. Alikuwa akifanya mazoezi barabara ile ya Namanga, na akirudi alisimama kwenye kibanda cha Naeku, hajui hili wala lile, anasema, "Shikamoo mama, niwekee uji." Naeku alipojua ni mtoto wa nani, uji akaumwagia pembeni. Akajikaza. Akawa anamwekea kila asubuhi, na taratibu akawa anamchimba maneno.

Siku moja alimwuliza kwa utani mbona mtoto wa mwenye duka anakunywa uji wa ulezi, na nyumbani kumejaa makopo ya nguvu. Ndeshi akacheka. Akasema baba yake hataki hata ayanuse. Poda hagusi, Radi yenyewe hajawahi kuionja. Maji safi na uji, basi, na chupa zake za mashindano baba anazijaza mwenyewe na kuzifunga utepe wa kijani asije akakosea mtu.

"Anasema vile ni vya wateja," Ndeshi alisema, akarudisha kikombe.

Jamani. Naeku alikaa chini kwenye ndoo. Yaani watoto wa wenzake siafu masikioni, wa kwake uji wa ulezi. Alijua basi. Tangu mwanzo mtu huyu alijua anawapa nini, na alipopata wake akamzungushia ukuta. Kama palikuwa na chembe ya huruma iliyobaki kifuani mwa Naeku, ilikwenda na kile kikombe.

Siwafichi, na yeye mwenyewe hafichi: kwanza alifikiria ubaya mtupu. Alimtuma mtu Levolosi akamletea kopo la poda lililofichwa chini ya kaunta, lile wanalopewa wanaoaminika, jekundu lilelile. Alikuwa nalo nyumbani juu ya kabati. Alikuwa akilitazama huku akimnyonyesha mtoto. Kijiko na nusu kwenye chupa yenye utepe wa kijani, mkojo upimwe, na Aminiel naye aone inavyokuwa mtoto anapoitwa mwongo. Wiki nzima alilala na wazo hilo na lilimpa usingizi mtamu. Lakini alipoliangalia vizuri akaona halifiki anapotaka. Aminiel angelia, angesema mwanangu kaonewa, na mama angebaki palepale nyuma ya zizi. Naeku hakuhitaji mkojo wa Ndeshi. Alihitaji mdomo wa baba yake. Akalitupa lile kopo chooni na kuanza upya.

Mwaka huu yakatangazwa mashindano ya nusu marathoni kutoka mjini mpaka Ngaramtoni na kurudi, wadhamini ni haohao Radi. Msichana atakayeshinda achukuliwe kwenye timu inayokwenda nje, na mjini pote ilijulikana kwamba msichana huyo ni Ndeshi. Waandaaji waliomba makanisa ya kando ya barabara yatoe akina mama wa kugawa maji. Usharika wa Naeku ukapewa meza ya Sakina, ya mwisho kabla ya kufika uwanja wa kumalizia. Naeku alijiandikisha wa kwanza. Akamwambia mama kwamba mwinjilisti ameomba wazee nao waje wasafishe vikombe. Mama hakuwa ameangalia mbio tangu siku ya kamati, lakini mwinjilisti akiomba, mama Naeku hakatai.

Asubuhi ile Mlima Meru ulikuwa wazi mpaka kileleni. Akina mama walipanga meza, wakafunga vitenge vya usharika, mama akawekewa kiti cha plastiki kando ya beseni la vikombe. Hatua chache kutoka pale liliegeshwa pikapu la Radi lenye spika mbili kubwa, na Aminiel mwenyewe alikuwa hapo na kipaza sauti kisicho na waya, amevaa kofia nyeupe, anatangaza, anatania akina mama, anasifu bidhaa zake. Hakumtambua Naeku. Dukani alimwona mara mbili, lakini hapa alikuwa mmoja tu kati ya vitenge vinavyofanana, na watu wa namna ile hawatazami wanawake wagawa maji usoni. Alileta chupa ya Ndeshi yenye utepe wa kijani, akaiweka mwisho wa meza, akasema asiiguse mtu, atampa mwenyewe.

Alipogeuka tu kurudi kwenye spika zake, Naeku akaichukua, akamwaga maji yote chini ya mti wa jakaranda, akaijaza juisi kutoka kwenye kidumu chake. Ilikuwa rozela, aliyoichemsha jana yake, ya watoto wa Jumapili. Nyekundu pyu. Akaifunga vilevile, na utepe wake.

Wanaume walipita kwanza. Kisha kule juu, upande wa Ngaramtoni, akaonekana msichana mmoja mrefu peke yake, na mwingine nyuma yake mbali kidogo. Aminiel akaanza kupiga kelele kwenye spika, Ndeshi huyo, binti wa Arusha huyo. Katika furaha yake akasahau chupa. Naeku hakusahau. Aliingia barabarani, na hapo, walioona wanasema, akakimbia. Kitenge na kila kitu, alikimbia hatua kadhaa ubavuni mwa Ndeshi, hatua ndefu, nyepesi, akamnyoshea chupa mkononi bila kumpotezea hata pumzi moja. Ndeshi aliona uso wa mama muuza uji anayemjua, akatabasamu, akaipokea.

Naeku akarudi moja kwa moja mpaka mbele ya Aminiel.

"Shikamoo, kocha," akasema.

"Marahaba," Aminiel akajibu kwa mazoea, kipaza sauti kiko kifuani, macho yako kwa mwanawe.

"Mimi ni Naeku wa Kiranyi. Nimempa Ndeshi chupa. Nimemtengenezea kama ulivyokuwa ukinitengenezea mimi."

Aminiel alimtazama. Akatazama barabarani. Utepe ni wa kijani, na ndani ya chupa ni nyekundu, na Ndeshi anaifungua kwa meno huku akikimbia. Wanasema rangi ilimtoka usoni mtu mzima akawa kama majivu. Akachomoka. Mtu mwenye kitambi kile anakimbia katikati ya lami, kofia imeanguka, na kipaza sauti mkononi, na hakukumbuka kwamba kiko mkononi.

"Ndeshi! Usinywe!"

Sauti ikatoka kwenye spika mbili ikajaa Sakina yote. Ndeshi alisikia jina lake, akadhani anashangiliwa, akainua dole gumba bila kugeuka. Akapeleka chupa mdomoni.

"Tupa hiyo chupa! Mama yangu, tupa! Ni ile poda! Ni ile poda niliyompa Naeku, ina dawa, watakupima watakufungia kama yeye!"

Vikombe vilikoma kugongana. Ndeshi akasimama kabisa katikati ya njia, chupa mkononi, akageuka kumtazama baba yake, na yule msichana wa nyuma akampita bila kuamini bahati yake. Akapita na wa tatu. Ndeshi hakuwaangalia. Baba yake alimfikia, akampokonya chupa, akaitupa, akawa anamfuta midomo kwa kiganja kama mtoto mchanga huku anamwuliza amemeza, amemeza kiasi gani.

Naeku alifika kwa kutembea. Akaiokota ile chupa, ilikuwa imebaki nusu. Akaipandisha mdomoni mbele yao wote, akainywa mpaka ikaisha, akajifuta mdomo.

"Ni rozela," akasema.

Nasikia kuna watu walicheka. Wengi hawakucheka. Simu zilikuwa juu, kila mtu anarekodi, na kipaza sauti bado kiko wazi kinapeleka hewani jinsi Aminiel anavyohema. Ndeshi alimtazama baba yake.

"Kumbe mimi hunipi kwa sababu unajua," akamwambia. Alisema taratibu, na spika zikasema hivyohivyo.

Akabandua namba yake kifuani, akamwekea baba yake mkononi, akaanza kutembea kuelekea mjini peke yake.

Mama Naeku alikuwa bado kwenye kiti cha plastiki, mikono imo ndani ya beseni. Alikuwa amesikia kila neno. Spika moja ilikuwa imemwelekea yeye. Aminiel alimwona. Akamtambua, na huyu ni mtu wa huku, anajua mambo ya huku, na simu zote zile zilikuwa zinamtazama. Akainama pembeni mwa lami akang'oa nyasi kwa mkono, akaja nazo ameziinua mpaka mbele ya yule mama, akapiga magoti. Kwa Waarusha ukimjia mtu na nyasi mkononi unaomba amani, na mtu mwenye heshima zake hawezi kukukataa. Alilijua hilo barabara, na ndiyo maana alizing'oa. Hata akiomba radhi alikuwa bado anatafuta pa kupenyea.

Mama akatoa mikono majini, akaifuta kwa kanga, akazipokea. Alizipokea kwa sababu ndivyo alivyolelewa.

"Yangu nimepokea," akasema. "Lakini mwanangu alijifungua, sikumpikia. Hiyo utaichumia nyasi wapi?"

Aminiel akageuka na mikono mitupu kumtafuta Naeku. Akachuma nyingine, akamnyoshea. Naeku alikuwa anakusanya vikombe. Alizitazama zile nyasi, akamwambia azipeleke mbele ya kamati, kwenye kiti kilekile alichokalia kando ya mama Naeku, akaseme hukohuko alichosema hapa, kisha arudi nazo kama hazijanyauka. Akampita, akaenda kumwaga maji machafu. Alimwacha kwenye magoti, na mpaka leo hajamwambia inuka.

Duka la Levolosi bado lipo, lakini vijana wakipita hupaza sauti, usinywe, ina dawa, na mwenyewe hukaa ndani. Bango la Sakina liliteremshwa. Kamati imemwita, na safari hii yeye ndiye mwenye kujibu, maana sauti yake iko kwenye simu za mji mzima. Ndeshi alipoteza timu. Hajarudi kunywa uji, na Naeku akifungua kibanda asubuhi huwa anaangalia upande ule wa barabara kwanza kabla ya kuwasha moto. Nilimwuliza kama anajuta kumtumia mtoto yule. Akasema anamwonea huruma, na kwamba kesho ikirudi atafanya vilevile. Msimlaumu mbele yangu.

Siku ileile ya mbio, jioni kabla jua halijazama, mama Naeku alishusha ile sufuria ukutani. Ilikuwa na utando wa buibui ndani. Aliisugua kwa majivu na mchanga mpaka ikang'aa, akamtuma Naeku mifupa buchani, mwenyewe akapanda kule juu kuchuma magome, akakataa kusindikizwa. Alipika akiwa amekaa karibu na moto kuliko inavyotakiwa. Mkono ulikuwa umesahau vipimo, akaweka magome mengi mno, na supu ikatoka nyeusi.

Akammiminia binti yake wa kwanza kabisa. Naeku akanywa, kinywa kizima kikakaza.

"Chungu?" mama akauliza.

"Chungu sana, Yeyo," Naeku akasema, akanyosha bakuli aongezewe.